Lev Yashin

Lev Ivanovich Yashin (kwa Kirusi: Лев Иванович Яшин, Moscow, 22 Oktoba 1929 – Moscow, 20 Machi 1990) alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu wa Umoja wa Kisovyeti aliyecheza katika nafasi ya golikipa. Kwa ngazi ya wakubwa alichezea klabu moja tu, Dynamo Moscow, kuanzia mwaka 1950 hadi 1970, pamoja na timu ya taifa ya nchi yake kuanzia mwaka 1954 hadi 1967.

Akiwa na timu ya taifa alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1956, ubingwa wa Ulaya mwaka 1960 na nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1966. Mwaka 1963 alipewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, na mpaka leo ndiye golikipa pekee aliyewahi kuipata. Tuzo hiyo ilikuja mwaka mmoja tu baada ya Kombe la Dunia la Chile, ambako alilaumiwa vikali na watu wa nchi yake mwenyewe hata akafikiria kuacha mpira.

Kwa sababu ya mavazi yake meusi na mikono yake mirefu alijulikana duniani kwa majina ya "Buibui Mweusi" na "Chui Mweusi".

Utoto na kazi ya kiwandani

Yashin alizaliwa katika familia ya wafanyakazi wa viwandani mjini Moscow. Baba yake, Ivan Petrovich, alikuwa fundi wa mashine. Mama yake alifariki Lev akiwa bado mtoto mdogo, na baadaye alilelewa na baba pamoja na mama wa kambo. Kama watoto wengine wa mtaani kwake alicheza mpira uani wakati wa joto, na wakati wa baridi alicheza hoki juu ya barafu.

Mnamo Juni 1941 Ujerumani iliivamia Umoja wa Kisovyeti. Viwanda vingi vya Moscow vilihamishiwa mashariki ili visiangukie mikononi mwa adui. Kiwanda alichofanya kazi baba yake kilihamishiwa Ulyanovsk, mji ulio kando ya mto Volga, na familia ikahama nacho. Wanaume wengi walikuwa vitani, hivyo wanawake na vijana walichukua nafasi zao kwenye mashine. Lev aliingia kiwandani akiwa na umri wa miaka 13 hivi na kujifunza ufundi wa vyuma. Baada ya vita alipewa medali iliyotolewa kwa raia waliofanya kazi kwa bidii nyuma ya mstari wa mapigano.

Familia iliporudi Moscow, Yashin aliendelea na kazi katika kiwanda cha Tushino, wakati ule kitongoji kilichokuwa kaskazini-magharibi mwa jiji. Alianza kuchezea timu ya kiwanda. Mwenyewe alitamani kuwa mshambuliaji, lakini kocha alimweka golini kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wenzake.

Akiwa na umri wa miaka 18 alichoka mwili na akili. Tangu utotoni alikuwa ameamka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku, na sasa alipatwa na sonona. Aliacha kazi na kuondoka nyumbani. Wakati ule sheria ya Kisovyeti iliruhusu kumshtaki mtu aliyeacha kazi bila ruhusa, hivyo hali yake ilikuwa ya hatari. Kwa ushauri wa rafiki aliomba kujiunga na jeshi kabla ya wakati wake, akapangiwa kutumikia mjini Moscow. Huko jeshini aliendelea kucheza mpira, na ndipo alipoonwa na Arkady Chernyshev, kocha wa timu ya vijana ya Dynamo. Mwaka 1949 alijiunga na klabu hiyo.

Mwanzo mgumu Dynamo

Dynamo Moscow ilikuwa mojawapo ya klabu kubwa za nchi. Golikipa wake wa kwanza alikuwa Alexei Khomich, aliyepata sifa mwaka 1945 klabu hiyo ilipotembelea Uingereza na kurudi bila kufungwa hata mechi moja. Yashin alikuwa chaguo la tatu, nyuma ya Khomich na Walter Sanaya.

Alipopata nafasi mwaka 1950 mambo yalimwendea vibaya. Katika mchezo wa kirafiki dhidi ya Traktor Stalingrad, golikipa wa upande wa pili alipiga mpira mrefu kutoka langoni kwake. Yashin alitoka kuudaka, akagongana na beki wake, na mpira ukaingia golini. Alikuwa amefungwa na golikipa mwenzake. Mwezi Julai aliingizwa katika mechi ya ligi dhidi ya Spartak Moscow baada ya Khomich kuumia, na kwa mara nyingine akagongana na beki wake na kuruhusu bao. Katika mechi iliyofuata mjini Tbilisi aliruhusu mabao manne, ingawa Dynamo ilishinda 5-4. Baada ya hapo alirudishwa timu ya akiba na hakusimama tena katika lango la timu ya kwanza ya ligi mpaka mwaka 1953.

Katika miaka hiyo ya kusubiri alikuwa pia golikipa wa timu ya hoki ya barafuni ya Dynamo, na mwaka 1953 alishinda nayo Kombe la Umoja wa Kisovyeti. Hoki ilimzoesha kufuatilia kitu kidogo kinachokwenda kasi na kuamua haraka. Khomich alipoondoka klabuni, Yashin alipewa nafasi ya kudumu golini, na ilimbidi achague mchezo mmoja. Mwaka 1954 aliachana na hoki.

Tangu hapo Dynamo ilitwaa ubingwa wa nchi mara tano akiwa golini: 1954, 1955, 1957, 1959 na 1963. Kombe la Umoja wa Kisovyeti ililitwaa mara tatu katika miaka yake, yaani 1953, 1967 na 1970. Kwa jumla alicheza mechi 326 za ligi.

Timu ya taifa ya Umoja wa Kisovyeti

Ili kuelewa uzito wa kazi ya Yashin ni lazima kujua hali ya timu aliyoingia. Kabla ya vita vya pili vya dunia Umoja wa Kisovyeti haukushiriki katika mashindano makubwa ya kimataifa. Mara ya kwanza ilikuwa Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, ambako timu ilitolewa na Yugoslavia. Baada ya sare ya 5-5, mchezo ulirudiwa na Yugoslavia ikashinda 3-1. Wakati huo Stalin alikuwa na ugomvi mkubwa na kiongozi wa Yugoslavia, Tito, na kushindwa huko kulionekana kama aibu ya taifa. Klabu ya jeshi iliyotoa sehemu ya wachezaji ilivunjwa, na mwaka 1953 timu ya taifa haikucheza kabisa.

Timu iliundwa upya mwaka 1954, mwaka mmoja baada ya kifo cha Stalin. Yashin alicheza mechi yake ya kwanza tarehe 8 Septemba 1954 mjini Moscow, ambapo Uswidi ilifungwa 7-0. Tarehe 21 Agosti 1955 mabingwa wa dunia, Ujerumani ya Magharibi, walikuja Moscow. Wenyeji walikuwa nyuma kwa 2-1, lakini walishinda 3-2. Ilikuwa miaka kumi tu tangu vita kwisha, na mechi hiyo ilikumbukwa nchini kwa muda mrefu.

Wachezaji walitoka katika jamhuri mbalimbali za nchi hiyo kubwa. Pamoja na Warusi kama Yashin, nahodha Igor Netto na mshambuliaji Valentin Ivanov, walikuwemo Wageorgia kama Slava Metreveli na Mikheil Meskhi, na baadaye wachezaji kutoka Ukraine kama Jozsef Sabo na Valeriy Porkujan.

Olimpiki ya Melbourne, 1956

Chini ya kocha Gavriil Kachalin, timu ilisafiri hadi Melbourne, Australia. Iliifunga Ujerumani 2-1, kisha ikatoka sare ya 0-0 na Indonesia kabla ya kushinda mchezo wa marudio kwa 4-0.

Nusu fainali dhidi ya Bulgaria ilikuwa ngumu kuliko zote. Beki Nikolai Tyshchenko alivunjika mfupa wa bega na Ivanov aliumia goti. Kwa kuwa kanuni za wakati huo hazikuruhusu kubadilisha wachezaji, wote wawili walibaki uwanjani bila kuweza kufanya mengi. Bulgaria ilitangulia kufunga katika muda wa nyongeza, lakini Eduard Streltsov alisawazisha na Boris Tatushin akafunga bao la ushindi. Tarehe 8 Desemba 1956 Yugoslavia ilifungwa 1-0 katika fainali kwa bao la Anatoli Ilyin. Yashin alipata medali ya dhahabu.

Kombe la Dunia la Uswidi, 1958

Mwaka 1958 Umoja wa Kisovyeti ulishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Wiki chache kabla ya mashindano wachezaji watatu, Streltsov, Tatushin na Mikhail Ogonkov, walikamatwa na polisi na kuondolewa kikosini. Streltsov, aliyekuwa mshambuliaji hodari kuliko wote nchini, alihukumiwa kifungo.

Timu iliyobaki ilitoka sare ya 2-2 na Uingereza, kisha ikaifunga Austria 2-0. Katika mechi hiyo Yashin aliokoa penalti ya Hans Buzek. Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Brazili, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa Pelé na Garrincha. Katika dakika za mwanzo Wabrazili waligonga mwamba mara mbili, kisha Vavá akafunga. Vavá huyohuyo aliongeza bao la pili na mechi ikaisha 2-0. Kwa jinsi Brazili ilivyoshambulia, wengi waliona kwamba bila Yashin mabao yangekuwa mengi zaidi.

Umoja wa Kisovyeti ulilazimika kucheza tena na Uingereza kuwania nafasi ya pili ya kundi na kushinda 1-0. Katika robo fainali ulifungwa 2-0 na wenyeji Uswidi.

Mabingwa wa Ulaya, 1960

Mwaka 1960 yalifanyika mashindano ya kwanza ya mataifa ya Ulaya, ambayo leo yanajulikana kama Euro. Umoja wa Kisovyeti uliitoa Hungaria kwa kushinda 3-1 na 1-0. Katika robo fainali ulipangwa na Hispania, lakini serikali ya Francisco Franco ilikataa timu yake kwenda Moscow, hivyo Wasovyeti walipewa ushindi bila kucheza.

Hatua ya mwisho ilichezwa Ufaransa. Chekoslovakia ilifungwa 3-0 mjini Marseille, na tarehe 10 Julai 1960 Yashin na wenzake walikutana tena na Yugoslavia, mara hii katika uwanja wa Parc des Princes mjini Paris. Yugoslavia ilitawala kipindi cha kwanza na kufunga kupitia Milan Galić. Yashin aliokoa mipira mingi, ikiwemo mikwaju ya adhabu ya Bora Kostić. Metreveli alisawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili, na katika dakika ya 113 Viktor Ponedelnik alifunga kwa kichwa. Ushindi huo wa 2-1 ulikuwa taji pekee la Ulaya ambalo timu ya wakubwa ya Umoja wa Kisovyeti ilipata katika historia yake.

Chile 1962 na lawama

Katika Kombe la Dunia la Chile timu ilikuwa miongoni mwa zilizotarajiwa kufika mbali. Ilicheza mechi zake zote mjini Arica, kaskazini kabisa mwa nchi. Ilianza kwa kuifunga Yugoslavia 2-0.

Mechi ya pili, dhidi ya Kolombia, ilikuwa ya ajabu. Baada ya dakika 11 Wasovyeti waliongoza kwa 3-0, na baadaye kwa 4-1. Kisha Marcos Coll alipiga kona na mpira ukaingia moja kwa moja golini, huku Yashin na beki wake kila mmoja akimwachia mwenzake. Hilo ndilo bao pekee la kona ya moja kwa moja katika historia ya Kombe la Dunia la wanaume. Kolombia ilipata nguvu mpya na mechi ikaisha 4-4. Umoja wa Kisovyeti uliifunga Uruguay 2-1 na kuongoza kundi, lakini tarehe 10 Juni 1962 ulitolewa na Chile katika robo fainali kwa mabao 2-1. Bao la kwanza lilitokana na mpira wa adhabu wa Leonel Sánchez, na la pili lilikuwa shuti la mbali la Eladio Rojas.

Wananchi wa Kisovyeti hawakuziona mechi hizo moja kwa moja kwenye televisheni. Walitegemea redio na magazeti, na waandishi wa Kisovyeti waliokuwa Chile walikuwa wachache. Habari zilizofika nyumbani zilimtaja Yashin kuwa chanzo cha kutolewa. Washambuliaji walioshindwa kufunga hawakuzungumzwa sana, wala mabeki waliomwacha Rojas apige shuti bila kusumbuliwa. Baadhi ya magazeti ya nchi za nje yaliandika kwamba enzi ya Yashin, aliyekuwa na umri wa miaka 32, imekwisha.

Aliporudi Moscow mashabiki walimzomea. Alipoingia uwanjani na Dynamo alipigiwa mbinja, na madirisha ya nyumba yake yalivunjwa kwa mawe. Yashin alifikiria kustaafu. Klabu haikumlazimisha kucheza. Ilimpa mapumziko, naye akaenda kijijini kuvua samaki, jambo alilolipenda maisha yake yote. Baada ya muda alirudi mazoezini, kwanza bila kupangwa katika mechi za nyumbani ambako kelele zilikuwa kali.

Mwaka 1963 na Ballon d'Or

Msimu wa 1963 ulikuwa bora kuliko yote ya maisha yake. Alicheza mechi 27 za ligi na kuruhusu mabao 6 tu, na Dynamo ikawa bingwa.

Tarehe 23 Oktoba 1963 chama cha mpira cha Uingereza kiliadhimisha miaka 100 kwa mechi kati ya Uingereza na kikosi cha nyota wa dunia katika uwanja wa Wembley, London. Yashin alichaguliwa kulinda lango la nyota wa dunia. Alicheza kipindi cha kwanza na kuzuia mashuti mengi bila kuruhusu bao. Katika kipindi cha pili nafasi yake ilichukuliwa na Milutin Šoškić wa Yugoslavia, na Uingereza ikashinda 2-1.

Wiki chache baadaye, tarehe 10 Novemba, Umoja wa Kisovyeti ulicheza na Italia mjini Roma katika mechi ya marudio ya mashindano ya Ulaya, baada ya kushinda 2-0 mjini Moscow. Italia ilipata penalti na Sandro Mazzola akaipiga. Yashin aliidaka. Mechi iliisha 1-1 na Italia ikatolewa.

Mwishoni mwa mwaka waandishi wa michezo wa Ulaya walipiga kura ya Ballon d'Or. Yashin alishika nafasi ya kwanza, mbele ya Gianni Rivera wa Italia na Jimmy Greaves wa Uingereza.

Mwaka 1964 timu ya taifa ilifika tena fainali ya Ulaya. Tarehe 21 Juni ilicheza na Hispania mjini Madrid, mbele ya Franco aliyekuwa amekubali mara hii kuwapokea Wasovyeti. Hispania ilishinda 2-1 kwa bao la Marcelino katika dakika ya 84. Ingawa timu ilikuwa ya pili Ulaya, viongozi wa michezo walimwondoa kocha Konstantin Beskov kwa kufungwa na nchi ya Franco.

Kombe la Dunia la Uingereza, 1966

Mwaka 1966 Yashin alikuwa na umri wa miaka 36. Kocha Nikolai Morozov aligawa kazi ya golini kati yake na Anzor Kavazashvili. Kavazashvili alicheza dhidi ya Korea Kaskazini na Chile, na Yashin alicheza dhidi ya Italia, iliyofungwa 1-0.

Katika robo fainali mjini Sunderland Hungaria ilifungwa 2-1, na Yashin alikuwa miongoni mwa waliosifiwa zaidi. Nusu fainali ilichezwa Liverpool dhidi ya Ujerumani ya Magharibi. Sabo aliumia mapema na Igor Chislenko alitolewa nje na mwamuzi, hivyo Wasovyeti walicheza muda mrefu wakiwa pungufu. Helmut Haller na Franz Beckenbauer waliifungia Ujerumani, na bao la Porkujan la dakika za mwisho halikutosha. Matokeo yalikuwa 2-1.

Mechi ya kuwania nafasi ya tatu ilichezwa Wembley tarehe 28 Julai dhidi ya Ureno. Ureno ilipata penalti katika dakika ya 12. Aliyeipiga ni Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques, jiji ambalo leo ni Maputo, mji mkuu wa Msumbiji. Alifunga, kisha badala ya kwenda kushangilia kwanza alimwendea Yashin na kumpa mkono. Ureno ilishinda 2-1. Nafasi ya nne ilibaki kuwa matokeo bora zaidi ya Umoja wa Kisovyeti katika Kombe la Dunia.

Yashin aliacha kuichezea timu ya taifa mwaka 1967 baada ya mechi 74. Hata hivyo mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 40, alichukuliwa Mexico kama golikipa wa akiba. Hakucheza, lakini alikuwa msaada kwa makipa vijana.

Mtindo wa uchezaji

Zamani makipa wengi walisimama kwenye mstari wa goli wakisubiri shuti. Yashin alilihesabu eneo lote la penalti kuwa lake. Alitoka kudaka krosi, alikimbilia mipira iliyopita nyuma ya mabeki, na mara nyingine alitoka hata nje ya eneo la penalti kuupiga mpira kwa mguu au kichwa. Gyula Grosics wa Hungaria alicheza kwa namna inayofanana katika miaka hiyohiyo, lakini Yashin ndiye aliyeusambaza mtindo huo duniani kwa muda mrefu wa kazi yake.

Mambo mengine aliyojulikana nayo ni haya:

* Aliwapanga mabeki kwa sauti. Alipiga kelele mechi nzima kuwaeleza wasimame wapi na nani hajakabwa.
* Aliupangua mpira kwa ngumi pale alipoona kuudaka ni hatari, wakati ambapo makocha wengi walitaka kipa adake kila kitu.
* Alianzisha mashambulizi. Badala ya kuupiga mpira mbele bila mpango, aliurusha kwa mkono haraka kwa mchezaji aliyekuwa huru.

Kosa la mwaka 1950, la kutoka golini na kugongana na beki, lilitokana na tabia hiyohiyo ya kutoka. Hakuiacha tabia hiyo. Alijifunza kutoka kwa wakati na kuwasiliana na mabeki wake.

Alikuwa na urefu wa sentimita 189. Jezi yake ilikuwa ya rangi ya buluu iliyokoza sana hata kwa mbali ikaonekana nyeusi, na mara nyingi alivaa kofia ya kitambaa.

Kustaafu, ugonjwa na kifo

Mechi ya kumuaga ilichezwa tarehe 27 Mei 1971 katika uwanja wa Lenin mjini Moscow, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000. Kikosi cha wachezaji wa klabu za Dynamo kilicheza na nyota wa dunia, wakiwemo Bobby Charlton, Gerd Müller na Giacinto Facchetti. Yashin alitoka uwanjani katika kipindi cha pili na kumwachia lango kijana Vladimir Pilguy. Mechi iliisha 2-2. Katika jiji lilelile ambako miaka tisa kabla alizomewa, watu walisimama kumpigia makofi.

Baada ya kustaafu alifanya kazi ya uongozi katika Dynamo na katika vyombo vya michezo vya nchi. Alikuwa na mke, Valentina, na mabinti wawili, Irina na Elena. Mjukuu wake Vasily Frolov naye alikuwa golikipa.

Yashin alivuta sigara tangu ujana, na katika miaka ya 1980 afya yake ilidhoofika. Mishipa ya damu ya mguu iliziba na ikabidi mguu mmoja ukatwe. Aliendelea kuhudhuria mechi na shughuli za mpira akitembea kwa msaada wa magongo. Mnamo Machi 1990 alipewa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa, mojawapo ya heshima za juu kabisa za nchi yake. Siku chache baadaye, tarehe 20 Machi, alifariki kwa saratani ya tumbo akiwa na umri wa miaka 60. Alizikwa katika makaburi ya Vagankovo mjini Moscow.

Mwaka uliofuata Umoja wa Kisovyeti ulivunjika, na timu aliyoichezea ikatoweka pamoja nao. Rekodi zake zilirithiwa na timu ya taifa ya Urusi.

Kumbukumbu

Kuanzia Kombe la Dunia la mwaka 1994 FIFA ilitoa Tuzo ya Lev Yashin kwa golikipa bora wa mashindano. Waliyoipata ni Michel Preud'homme (1994), Fabien Barthez (1998), Oliver Kahn (2002) na Gianluigi Buffon (2006). Tangu mwaka 2010 tuzo hiyo inaitwa Glovu ya Dhahabu. Mwaka 2019 gazeti la France Football, linalotoa Ballon d'Or, lilianzisha Kombe la Yashin kwa golikipa bora wa mwaka, na wa kwanza kulipata alikuwa Alisson Becker wa Brazili.

Urusi ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2018, picha ya Yashin akiruka kuokoa mpira iliwekwa kwenye bango rasmi la mashindano. Noti ya kumbukumbu ya rubo 100 iliyotolewa mwaka huo pia ina picha yake, pamoja na mtoto aliyeshika mpira. Uwanja mpya wa Dynamo mjini Moscow umepewa jina lake.

Mataji na tuzo

* Olimpiki: medali ya dhahabu (1956)
* Ubingwa wa Ulaya: mshindi (1960), wa pili (1964)
* Kombe la Dunia: nafasi ya nne (1966)
* Ligi ya Umoja wa Kisovyeti: 1954, 1955, 1957, 1959, 1963
* Kombe la Umoja wa Kisovyeti: 1953, 1967, 1970
* Kombe la Umoja wa Kisovyeti la hoki ya barafuni: 1953
* Ballon d'Or: 1963
* Nishani ya Lenin: 1967, 1990